Mwisho au Muhuri? Uhakiki wa Tafsiri Nne za Kurani kwa Kiswahili

Hapa Kigali, ukimwambia mtu kwamba unasomea Kiswahili, mara nyingi swali linalofuata ni hili: "Kwani umesilimu?" Nimeulizwa na shangazi yangu, nimeulizwa na kinyozi, na siku moja nimeulizwa na dereva wa pikipiki aliyekiona kitabu changu tulipokuwa tumesimama kwenye taa za barabarani. Hawakosei sana. Katika Kinyarwanda neno umuswahili lina maana zaidi ya moja. Ni mtu anayesema Kiswahili, ni Mwislamu, na vinywani mwa baadhi ya watu ni mjanja wa mjini, mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Maana hizo zimeshikana kwa sababu ya historia. Uislamu uliingia nchini mwetu pamoja na askari, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mjerumani Richard Kandt alianzisha makazi yake Kigali mwaka 1907, na mwaka 1913 msikiti ulikuwa umeshajengwa mjini. Walipokuja Wabelgiji, Waislamu walitengewa mtaa wao, na wamisionari wa Kikatoliki walikitazama Kiswahili kama mlango wa kuingizia Uislamu, kwa hiyo wakaufunga. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 2017 ndipo Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya Rwanda.

Basi ikiwa kwetu Kiswahili na Uislamu vimetajwa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja, mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuuliza swali ambalo halijaulizwa sana darasani: je, Uislamu unaotufikia kwa Kiswahili ni mmoja? Katika insha hii nitajaribu kujibu swali hilo kwa kuhakiki tafsiri nne za Kurani zilizoandikwa kwa Kiswahili katika karne ya 20. Sitazihakiki kama mwanachuoni wa dini, kwa sababu mimi si mwanachuoni na wala sikulelewa katika Uislamu. Nitazihakiki kama msomaji wa lugha. Hoja yangu ni kwamba tofauti za madhehebu, ambazo vitabu vya shule huziweka katika aya fupi ya mwisho kana kwamba ni habari za mbali, zimekaa ndani ya maneno ya kawaida kabisa ya Kiswahili: mwisho, muhuri, kuosha, kupaka. Na tafsiri njema, kwa maoni yangu, ni ile inayomwonyesha msomaji mahali ilipochagua.

Wazo hili nililipata kwa bibi yangu mzaa mama, anayeishi Biryogo. Yeye ni Mwislamu. Mama yangu alibatizwa alipoolewa. Bibi ana nakala ya Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, ameifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati ambapo hakuna kinachowekwa juu yake. Kiarabu anakisoma kwa sauti bila kukielewa. Kiswahili anakisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Nilipoanza kumsomea, alinionya: "Mjukuu wangu, juu ni maneno ya Mungu, chini ni maneno ya Sheikh. Usichanganye." Alikuwa anamaanisha maelezo yaliyochapwa chini ya ukurasa. Nilidhani amenipa kanuni nzuri ya kusomea. Baadaye nikagundua kwamba kanuni hiyo haitoshi, maana Sheikh yumo juu pia. Kila mfasiri yumo juu.

Kabla ya kuvifikia vitabu vyenyewe, tukumbushane misingi kwa ufupi. Waislamu wanaamini kwamba Muhammad, aliyezaliwa Makka karibu na mwaka 570, alianza kupokea ufunuo katika pango la Hira karibu na mwaka 610. Mwaka 622 alihamia Madina, na kuhama huko, yaani Hijra, ndiko kalenda ya Kiislamu inakoanzia. Alifariki mwaka 632. Nguzo za Uislamu zinajulikana: shahada, swala, zaka, funga ya Ramadhani na hija kwa mwenye uwezo. Hapo Waislamu karibu wote wamekubaliana. Lakini tukifika kwenye nguzo za imani, muhtasari wa darasani unaanza kuteleza. Tunaandika kwamba nguzo za imani ni sita: kumwamini Mungu, malaika, vitabu, mitume, siku ya mwisho na kudra. Hayo ni mafundisho ya Wasunni. Washia wa Maimamu Kumi na Wawili huhesabu misingi mitano, nayo ni tauhidi, uadilifu wa Mungu, utume, uimamu na kiyama. Mwanafunzi anayeandika "Uislamu una nguzo sita za imani" ameshachagua upande bila kujua kwamba kuna pande.

Pande hizo zilianza na swali la uongozi. Baada ya mwaka 632 walio wengi walimkubali Abu Bakr awe khalifa. Wengine waliona kwamba haki hiyo ilikuwa ya Ali, binamu na mkwe wa Mtume. Kundi la Ali, kwa Kiarabu shia ya Ali, ndilo lililowapa Washia jina lao. Katika vita vya Siffin vya mwaka 657, watu wengine walimwacha Ali kwa sababu alikubali kuamuliwa na binadamu. Hao waliitwa Khawariji. Ibadhi, ambao wana asili yao Basra na leo ni wengi nchini Oman, wanahusishwa na mwanzo huo, ingawa wao wenyewe hawakubali kuitwa Khawariji. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali hata kidogo: masultani wa Zanzibar walikuwa Ibadhi, raia wao Waislamu wengi walikuwa Wasunni wa madhehebu ya Shafi, na wafanyabiashara wa Kihoja waliotoka India walikuwa Washia. Halafu mwaka 1889, huko Qadian katika Punjab ya India, Mirza Ghulam Ahmad aliasisi jumuiya ya Ahmadiyya. Wafuasi wake wanajiita Waislamu. Waislamu wengine wengi hawawakubali.

Neno lenyewe madhehebu linastahili kuhakikiwa. Kwa Kiarabu madhhab linatokana na kitenzi cha kwenda. Ni njia mtu anayoifuata, hasa katika sheria, kama Shafi, Hanafi, Maliki au Hanbali. Kwa tofauti kubwa kama ya Sunni na Shia, Kiarabu kina neno jingine, firqa, yaani kundi lililotengana na mengine. Kiswahili kimeyatia yote katika kikapu kimoja. Shafi ni dhehebu, Shia ni dhehebu, na hata Waanglikana na Waadventista ni madhehebu ya Kikristo. Faida yake ni kwamba neno halimtukani mtu: kila mmoja ana njia yake. Hasara yake ni kwamba linaficha uzito. Tofauti ya mahali pa kuweka mikono wakati wa swala inaonekana sawa na tofauti juu ya kama kuna nabii baada ya Muhammad.

Sasa tuvitazame vitabu. Tafsiri ya kwanza kamili ilitolewa na Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar, nayo ilichapwa London mwaka 1923. Mfasiri wake hakuwa Mwislamu, na hakuficha kusudi lake: alitaka walimu Wakristo wajue kilichomo katika kitabu cha majirani zao. Ya pili ni ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, mmisionari wa Ahmadiyya aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934 na kufanya kazi Tabora na Nairobi. Ilitoka Nairobi mwaka 1953. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, yule yule ambaye sisi wanafunzi wa fasihi tunamjua kwa kitabu chake cha kanuni za ushairi kilichotoka mwaka 1954, na ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Ya tatu ni hiyo ya bibi yangu. Al-Farsy alizaliwa Zanzibar mwaka 1912, akawa mwalimu wa shule, kisha kadhi wa Zanzibar, na kuanzia mwaka 1968 Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi yake ilianza kutoka kwa mafungu, na kitabu kizima kilichapwa Nairobi mwaka 1969. Ya nne ni ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, mwanasiasa aliyekuwa waziri katika serikali iliyopinduliwa Zanzibar tarehe 12 Januari 1964. Alifungwa kwa miaka kama kumi, kisha akaishi uhamishoni hadi kifo chake mwaka 2006. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1995, nayo imejengwa juu ya Al-Muntakhab, tafsiri fupi ya wanavyuoni wa Misri.

Ukiviweka vitabu hivi mezani kwa mpangilio wa miaka, utaona kwamba ni mazungumzo, tena mazungumzo makali. Waahmadiyya waliandika wakiwa wanawajibu wamisionari wa Kikristo. Al-Farsy aliandika akiwa anawajibu Waahmadiyya, na kabla yake mwalimu mkubwa wa Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa ameshaanza kazi ya kufasiri kwa Kiswahili bila kuimaliza kabla ya kufariki mwaka 1947. Kwa hiyo anayenunua kimoja tu kati ya vitabu hivi ni kama mtu aliyeingia barazani na kumsikia msemaji mmoja anayejibu maneno ya mwingine aliyekwisha kuondoka. Anayasikia majibu tu, wala hajui swali lilikuwa nini.

Mfano wa kwanza, na ulio wazi kuliko yote, uko katika sura ya 33, Al-Ahzab, aya ya 40. Hapo Muhammad anaitwa khatam wa manabii. Al-Farsy na al-Barwani wamefasiri kwa neno mwisho. Tafsiri ya Ahmadiyya imetumia neno muhuri. Hata kuitafuta aya yenyewe ni somo: katika kitabu cha Ahmadiyya utaikuta namba 41, kwa sababu wao huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Mwanafunzi asiyejua hilo atadhani amekosea ukurasa.

Ni neno gani sahihi? Kwa kamusi, khatam ni pete ya muhuri, kwa hiyo muhuri ni neno la karibu zaidi. Kwa maana ambayo Waislamu wengi wameifuata tangu zamani, muhuri huo ni wa kufungia: hakuna nabii baada yake. Mfasiri anayeandika mwisho ameivuka picha na kukupa maana. Mfasiri anayeandika muhuri ameiacha picha, na katika maelezo yake anaieleza kuwa ni muhuri wa kuthibitisha: nabii anaweza kuja, mradi awe chini ya muhuri wa Muhammad. Imani yote ya Ahmadiyya juu ya Mirza Ghulam Ahmad inapita katika neno hilo. Nilimweleza bibi. Akafikiri, kisha akasema: "Lakini muhuri si hupigwa mwisho wa barua?" Mimi nilikuwa nimefikiria ofisi ya umurenge, ambako karatasi bila muhuri haina nguvu hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani. Bibi na mjukuu, katika mtaa mmoja, kwa neno moja, tumefika kila mmoja katika upande wake. Hapo ndipo nilipoona kwamba neno muhuri ni tafsiri bora zaidi ya picha ya Kiarabu, kwa sababu linaziacha njia zote mbili wazi, na kwa sababu hiyo hiyo ndilo ambalo Sunni hawezi kuliacha bila maelezo. Na neno mwisho ni tafsiri bora zaidi ya imani ya walio wengi, lakini msomaji wake hatajua kamwe kwamba kulikuwa na pete.

Mfano wa pili unamhusu Isa. Katika sura ya 3, aya ya 55 kwa hesabu iliyoenea, kuna kitenzi cha Kiarabu ambacho kwa matumizi ya kawaida hutajwa mtu anapofishwa, na ambacho wafasiri wengi wamekieleza kuwa ni kuchukua kitu kikamilifu. Waahmadiyya wanafundisha kwamba Isa alikufa kifo cha kawaida. Wasunni walio wengi wanafundisha kwamba aliinuliwa mbinguni na atarudi. Wakristo, kama nilivyolelewa mimi, wanasema alikufa msalabani na kufufuka. Kitenzi kimoja kinagusa imani tatu, na Kiswahili kinamlazimisha mfasiri aseme. Kufisha ni kufisha. Ukitaka kukwepa, lazima urefushe sentensi kwa maneno ya kukamilisha muda au kutimiza siku. Msomaji makini wa Kiswahili akiona sentensi imerefuka ghafla mahali ambapo Kiarabu kina neno moja, ajue kwamba hapo kuna mjadala.

Mfano wa tatu ni mdogo lakini unaingia katika maisha ya kila siku. Sura ya 5, aya ya 6, inaeleza jinsi ya kutawadha: uso na mikono ni ya kuoshwa, kichwa ni cha kupakwa maji. Na miguu? Kwa Kiarabu jibu linategemea irabu moja tu. Ukisoma neno la miguu kwa irabu moja, linaungana na uso na mikono, basi miguu inaoshwa. Ukilisoma kwa irabu nyingine, linaungana na kichwa, basi miguu inapakwa maji. Visomo vyote viwili vinajulikana tangu zamani. Wasunni huosha miguu, Washia huipaka. Kiswahili hakina irabu ya namna hiyo mwishoni mwa nomino. Mfasiri lazima aandike "osheni" au "pakeni", na akishaandika, mlango umefungwa. Msomaji wa tafsiri za Kisunni hawezi kubuni kwamba jirani yake Mshia anafuata aya hiyo hiyo. Atamwona ni mvivu wa kutawadha. Washia nao wana vitabu vyao kwa Kiswahili. Bilal Muslim Mission imechapa tangu miaka ya 1960, na Sheikh Hassan Mwalupa ameifasiri Al-Kashif ya Muhammad Jawad Mughniyya. Lakini vitabu hivyo na vile haviwekwi katika rafu moja.

Nimeeleza mifano ya mgongano. Haki inataka nieleze pia mahali ambapo chaguo la mfasiri limefungua kitu badala ya kukifunga. Kwa neno rabbi, ambalo wengi wamelifasiri Mola au Bwana, al-Barwani ameandika Mola Mlezi. Wapo wanaosema kwamba ameongeza neno lisilohitajika. Mimi naona ndilo chaguo zuri kuliko yote niliyokutana nayo. Wanavyuoni wa lugha wameeleza kwamba rabbi lina ujamaa na tarbia, kulea kitu hatua kwa hatua mpaka kikamilike. Bwana peke yake hutuletea picha ya mwenye mtumwa. Mlezi anabaki. Na kwa sisi wasemaji wa Kinyarwanda neno hilo halihitaji kamusi: kulea ni kurera, na mlezi ni umurezi, jina tunalompa pia mwalimu wa watoto wetu. Nilipomsomea bibi kifungu chenye Mola Mlezi, hakuniuliza Sheikh huyu ni wa dhehebu gani. Aliniomba nirudie.

Sasa nitoe hukumu yangu. Dale amefanya kazi ya msomi kwa nia ya mshindani. Faida yake kwetu leo ni ya kihistoria, kwamba inaonyesha Kiswahili cha Zanzibar cha miaka ya 1920 kikibebeshwa mzigo mpya. Tafsiri ya Ahmadiyya ina uangalifu wa maneno, na mkono wa mshairi unahisiwa. Udhaifu wake ni kwamba uangalifu huo unaonekana zaidi pale unapoisaidia hoja ya jumuiya yake. Al-Barwani ndiye mwenye nathari tamu kuliko wote, lakini kwa kuifuata tafsiri fupi anamwachia msomaji njia laini mno, isiyoonyesha ilipovunjwa miamba. Al-Farsy ndiye mwalimu. Sentensi zake ni za mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi kwa miaka mingi, na maelezo yake chini ya ukurasa yanasema waziwazi ni nani anayepingwa na kwa nini. Kwa kigezo nilichokiweka mwanzoni, yaani kumwonyesha msomaji mahali pa uchaguzi, al-Farsy anashinda, kwa sababu anagombana hadharani.

Lakini ushindi huo una doa, nami siwezi kulinyamazia. Al-Farsy anawaita Waahmadiyya kwa jina la Makadiani, ambalo si jina wanalojiita wao, na lugha yake juu yao ni ya mtu anayefukuza, si ya mtu anayejibu. Mtu anaweza kusema kwamba ndiyo ilivyokuwa mijadala ya wakati ule, na kwamba upande wa pili nao haukutumia maneno laini. Ni kweli. Hata hivyo mimi nasoma Kigali. Katika kikundi chetu cha kusoma tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu Mwadventista, na mwenzangu Mwislamu. Siku nilipoyasoma maelezo hayo kwa sauti, hakuna aliyecheka wala aliyebisha. Mwenzetu Mwislamu aliinama, kisha akasema kwamba kwao wanasoma kitabu hicho kila siku na hajawahi kuyasikia maneno hayo hivyo, mbele ya wageni. Wiki iliyofuata hakuja.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea. Sisi tuliozaliwa baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 tumelelewa tukijua kazi inayoweza kufanywa na jina ambalo mtu hakujipa mwenyewe. Tumefundishwa pia kwamba wakati ule Waislamu wengi wa Nyamirambo na kwingineko waliwaficha waliowindwa, ingawa si kila Mwislamu alisimama upande huo, na kwamba waliofichwa hawakuulizwa dini zao mlangoni. Jamii iliyofanya hivyo ilikuwa jamii ndogo, katika sensa ya 2012 ilikuwa karibu asilimia 2 ya Wanyarwanda, na iliyozoea kwa miongo mingi kuitwa kwa jina la dharau. Ndiyo maana inaniuma kuona kwamba lugha ile ile ambayo kwayo walidharauliwa, Kiswahili, ina vitabu ambamo Waislamu wanadharauliana. Kusema "hoja hii si sahihi" ni haki ya kila mwanachuoni, na bila haki hiyo hakuna elimu. Kumwita mtu kwa jina la kumtoa nje ni jambo jingine. Mhakiki anapaswa kuyatenga mawili haya hata ndani ya kitabu anachokipenda.

Mwishowe nilimfuata mwenzangu huyo Nyamirambo, nikamwomba radhi kwa kuyasoma maneno yale bila kumwandaa. Alisema kilichomuudhi hakikuwa maneno ya Sheikh. Kilichomuudhi ni kwamba sisi tulimtazama yeye kana kwamba ndiye aliyeyaandika. Akaongeza kwamba kwa sasa vijana wengi msikitini wanasoma kwa Kinyarwanda, na kwamba baada ya miaka michache hakuna atakayejua Al-Farsy alibishana na nani. Hilo nalo ni tatizo. Ugomvi ukisahaulika, chaguo zilizotokana nao hazisahauliki. Hubaki ndani ya tafsiri mpya zikionekana kama maana ya asili.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanafunzi wenzangu ni dogo. Tukifundisha au tukiandika juu ya asili, imani na madhehebu ya Uislamu, tuache kuyanakili yale mafungu matatu ya muhtasari. Tuchukue aya moja, tafsiri mbili, na kamusi. Tuulize kila mfasiri amechagua nini, amechaguliwa na wakati gani, na anamjibu nani. Anayetaka kuanza na aanze na sura ya 33, akikumbuka kwamba katika kitabu kimoja atatafuta aya ya 40 na katika kingine aya ya 41. Mwenzangu na mimi tumeanza upya hapo. Yule Mwadventista naye amekubali kurudi, kwa sharti kwamba wiki ijayo tufanye vivyo hivyo kwa Biblia.